Ameruhusiwa Hospitali, Mkono Bado Umelala: Mazoezi ya Nyumbani Baada ya Kiharusi

Swali linalotufikia kuliko mengine yote ni hili: "Mzee alipata kiharusi, tukamuuguza wodini Machakos, sasa tuko naye nyumbani. Upande wa kushoto hauna nguvu. Tumeandikiwa fizio mara moja kwa wiki. Siku sita zinazobaki tufanye nini?" Anayeuliza huwa binti wa mgonjwa, mke wake, au mke wa mwanawe aliyeachiwa kazi ya kumtunza. Awe wa Katelembo, Mutituni au Mua hapa Machakos, maneno hubadilika kidogo tu.

Jibu kwa ufupi: siku hizo sita ndizo zenye uzito. Uwezo hurudi kwa kufanya kazi halisi za kila siku, kuzirudia mara nyingi, na kufuata mpango uliowekwa na mtaalamu wa fiziotherapia, ambaye huubadilisha kadiri mgonjwa anavyosonga mbele. Ushauri huu ni wa mgonjwa aliyeruhusiwa na daktari kwenda nyumbani. Hautamfaa kila mtu kwa kipimo kimoja, kwa hiyo mwonyeshe mtaalamu wako hatua utakazozichagua kabla ya kuanza.

## Kabla ya zoezi la kwanza

Hakikisha mambo manne.

1. Presha. Mpime kabla ya mazoezi kama mna mashine, au mpitishe zahanati. Namba ya juu ikifika 180 au ya chini ikifika 110, hakuna mazoezi siku hiyo, mpeleke kliniki. Dawa za presha hazikatizwi kwa sababu mtu "anajisikia vizuri".
2. Kumeza. Akikohoa anapokunywa maji, au sauti ikawa kama ina maji kooni baada ya kula, usimlishe akiwa amelala. Mketishe wima, mpe kidogo kidogo, na umrudishe hospitali apimwe namna anavyomeza. Chakula kikiingia mapafuni huleta nimonia.
3. Mguu uliovimba. Muundi ukivimba ghafla, ukawa wa moto na unauma, usiukande. Huenda damu imeganda ndani, na kuukanda kunaweza kuisukuma hadi kwenye mapafu. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.
4. Ganzi. Mguse mkono na mguu akiwa amefumba macho. Asipohisi, mweke mbali na jiko, chai ya moto na ekzosi ya bodaboda. Mguu usiohisi huungua bila mwenyewe kujua.

Uso ukipinda upya, mkono ukianguka au maneno yakichanganyika, hicho huenda ni kiharusi kingine. Angalia saa, kisha mkimbize hospitali. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada tu ya picha ya kichwa kuonyesha kwamba ubongo hauvuji damu. Usimpe aspirini nyumbani kwa kubahatisha.

## Tuanze lini?

Wako wanaosema apumzike miezi miwili kwanza, na wako wanaotaka asimamishwe siku ileile. Wote wanakosea.

Utafiti mkubwa uitwao AVERT, uliochapishwa 2015 na kuwahusisha wagonjwa 2,104 katika nchi tano, uliwalinganisha walioinuliwa kitandani mapema mno na kwa nguvu, ndani ya saa 24, na waliopata huduma ya kawaida. Wale wa haraka hawakupata nafuu zaidi. Matokeo yao yalikuwa mabaya kidogo. Siku ya kwanza, basi, ni ya daktari na wauguzi.

Lakini hali ikishatulia, kila wiki ya kulala tu ina gharama yake: misuli inanywea, vifundo vinakaza, ngozi inachubuka. Miezi mitatu ya kwanza ndiyo yenye mavuno makubwa. Ukiwa nyumbani naye tayari, wakati wa kuanza ni leo.

## Namna ya kumlaza

Mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili. Kila anapogeuzwa, angalia visigino, nyonga na makalio. Sehemu iliyobadilika rangi na haipoi ni mwanzo wa kidonda.

- Akilalia upande mgonjwa: vuta bega lake mbele taratibu, usilikandamize chini ya mwili. Mkono unyooke mbele yake, kiganja kikitazama juu.
- Akilalia upande mzima: weka mto au blanketi iliyokunjwa mbele ya kifua, mkono mgonjwa upumzike juu yake.
- Akilala chali: weka mto mdogo chini ya bega gonjwa. Usimwache chali kutwa.
- Miguu: blanketi isichomekwe kwa kukaza. Uzito wake huvuta vidole chini, na baadaye unyayo unagoma kukanyaga vizuri.

Ukienda kuzungumza naye, kaa upande mgonjwa mara nyingi. Wengine baada ya kiharusi husahau kabisa kwamba upande huo upo: wanakula nusu ya sahani, wanagonga mlango kwa bega. Mwite kutoka huko, mshike mkono huo, mkumbushe autazame.

## Bega: kosa linalofanywa nyumba nyingi

Misuli ya bega ikilegea, mfupa wa mkono huning'inia kwenye kiungo. Mtu akija kumwinua mgonjwa kwa kumvuta mkono, au kumshika kwapani, bega linateguka kidogo na maumivu yake hukaa miezi. Mgonjwa anayeumwa bega huacha mazoezi yote.

Waambie wote wanaoingia nyumbani, wageni na watoto pia:

- Hakuna kumvuta mkono mgonjwa, hata kwa kumsalimia.
- Hakuna kumwinua kwapani. Mfunge mkanda mpana au leso imara kiunoni, ushike hapo.
- Hakuna kumfungia kamba juu ya mlango ili mkono mzima uuvute ule mgonjwa hadi juu. Zoezi hilo linapendwa sana, na linaumiza bega.
- Akiketi, mkono mgonjwa uwe juu ya meza au mto mapajani, usining'inie.
- Ukimnyoosha mkono, usipite usawa wa bega mpaka mtaalamu akuonyeshe namna ya kulisindikiza bega lenyewe.

Kwa shati au blauzi: mkono mgonjwa huvaa kwanza na huvua mwisho.

## Kuketi na kusimama

Kama una nafasi ya zoezi moja tu, chagua hili. Anayeweza kusimama kutoka kitini ana njia ya kufika chooni, mezani na mlangoni.

1. Chagua kiti cha mbao chenye miguu minne imara, ukiegemeze ukutani. Kiti cha plastiki hupinda na kuteleza, usikitumie.
2. Asogee hadi ukingoni mwa kiti.
3. Nyayo zote mbili zikanyage chini, visigino vikirudi nyuma kidogo ya magoti. Mguu mgonjwa usitangulie mbele, maana ukitangulia mguu mzima utafanya kazi peke yake.
4. Ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu. Wengi hushindwa hapa: wanajaribu kusimama huku wameegemea nyuma.
5. Asimame, ahesabu hadi tano, asawazishe uzito kwenye miguu yote miwili.
6. Aketi polepole. Kujiangusha kitini si kuketi.

Wewe simama upande mgonjwa, mkono mmoja kwenye mkanda wa kiunoni, na goti lako mbele ya goti lake kama linalegea. Aanze na mara tano, apumzike, arudie. Lenga mara kumi, duru tatu, asubuhi na jioni. Akishindwa, inua kiti kwa blanketi zilizokunjwa. Akiweza kwa urahisi, punguza blanketi moja.

## Kutembea kwenye mteremko wetu

Mashamba ya Machakos ni ya matuta na miteremko, na njia ya kwenda chooni mara nyingi ina mawe na mchanga unaoteleza. Sakafu ya wodi haikumwandaa kwa hayo.

- Aanze ndani, kando ya ukuta au meza: kuhamisha uzito kushoto na kulia, kuinua mguu mmoja mmoja, kutembea kiubavu.
- Fimbo hushikwa kwa mkono mzima. Fimbo itangulie, mguu mgonjwa ufuate, kisha mguu mzima.
- Urefu wa fimbo ufike kwenye kifundo cha mkono anaposimama wima.
- Kwenye ngazi au tuta: kupanda, mguu mzima hutangulia, kushuka, mguu mgonjwa hutangulia.
- Viatu viwe vya kufunga nyuma. Malapa ni adui wa mguu usioinuka vidole.
- Vidole vikiburuta kila hatua, muulize mtaalamu kuhusu kifaa cha kushikilia kifundo cha mguu. Kinazuia kuanguka.
- Goti likirudi nyuma kwa kishindo kila anapokanyaga, simamisha matembezi marefu, umwone mtaalamu. Likiachwa hivyo, huharibika.

Akiweza kwenda ndani salama, tokeni uani, kisha njia ya mlangoni, kisha hadi kwa jirani. Ongeza umbali kidogo kila wiki. Awe bado anaweza kuzungumza anapotembea. Akihema hadi maneno yanakatika, mmezidisha. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kichwa kuuma ghafla ni amri ya kuacha.

## Mkono: upe kazi, usiupe mpira

Kufinya mpira ndilo zoezi la kwanza ambalo kila jirani hupendekeza. Tatizo ni kwamba wagonjwa wengi wa kiharusi hawakosi nguvu ya kufumba mkono. Wanakosa nguvu ya kuufumbua. Mkono uliokwisha kujikunja ukipewa mpira kutwa unaendelea kujifunza kujikunja. Mzoeze kazi za kufikia, kufungua vidole, kushika na kuachilia.

Mkono ukisogea kidogo tu:
- Weka kiganja juu ya kitambaa mezani, afute meza kwenda mbele na kurudi, kisha kwa mduara. Mkono mzima usaidie pale tu mwingine unaposhindwa.
- Asukume kikombe tupu hadi alama uliyoiweka, alama isogee mbali kila siku.

Vidole vikianza kufunguka:
- Kumenya mbaazi mbichi na kuchambua maharagwe. Hapo vidole hubana na kuachilia mamia ya mara bila mtu kuhesabu.
- Kupukuchua mahindi, mkono mgonjwa ukishikilia bunzi.
- Kukunja leso na nguo, kuzungusha vifuniko vya chupa, kufunga vifungo.
- Susu (bibi) aliyekuwa akisuka kiondo arudishiwe kiondo chake, aanze na nyuzi nene. Mzee fundi apewe msasa na kipande cha mbao.

Mkono usipotikisika kabisa: jaribuni kioo. Simamisha kioo mezani katikati ya mikono, mkono mgonjwa ukifichwa nyuma yake. Atazame taswira ya mkono mzima huku akiufungua na kuufumba, na ajaribu kufanya vivyo hivyo kwa ule uliofichwa. Nusu saa kwa siku, kwa wiki kadhaa. Haigharimu kitu na imewasaidia wengi.

Kuhusu idadi: watafiti wa Marekani waliohesabu mwendo wa mikono katika vikao vya tiba, na kuchapisha matokeo 2009, walikuta wastani wa takriban mara 32 tu za mazoezi ya kazi kwa kikao. Hizo ni chache mno. Bakuli moja la mbaazi linazipita.

Kuna pia mbinu ya kufunika mkono mzima kwa glavu nene ili mgonjwa alazimike kutumia ule dhaifu. Utafiti wa EXCITE wa 2006, uliohusisha watu 222 waliokuwa na miezi mitatu hadi tisa tangu kiharusi, ulionyesha kwamba wiki mbili za mazoezi makali ya namna hiyo husaidia. Lakini inamfaa anayeweza tayari kuinua kifundo cha mkono na kufungua vidole kidogo, na mtaalamu ndiye anayeamua. Usimfungie mkono mzima mtu anayeutegemea kushika fimbo.

## Choo na bafu

Choo cha shimo cha kuchuchumaa ndicho mahali anapoanguka mgonjwa, au anapoanza kunyima mwili wake maji ili asiende. Fundi wa kijijini anaweza kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu katikati, kikawekwa juu ya shimo, au chumbani juu ya ndoo usiku. Mwambie aweke na mpini ukutani, upande wa mkono mzima. Bafuni, aoge ameketi, maji ya kwenye beseni yapimwe kwa mkono wako, si kwa mkono wake wenye ganzi.

## "Lakini..."

"Fizio ni mbali na nauli ni ghali." Katelembo iko jirani na mji, lakini kumpakia mgonjwa kwenye bodaboda ni hatari, na teksi kila wiki inachosha mfuko. Usikate miadi kimyakimya. Mwambie mtaalamu ukweli, muulize: "Tukija mara moja kwa mwezi, utupe mpango gani?" Mwombe akurekodi kwa simu yako ukifanya zoezi mbele yake.

"Basi tufanye wenyewe, tuache hospitali." Hapana. Nchini India utafiti wa ATTEND, uliochapishwa 2017 na kuhusisha wagonjwa 1,250, ulifundisha familia kufanya mazoezi nyumbani. Baada ya miezi sita wagonjwa hao hawakuwa na nafuu zaidi ya wale wa huduma ya kawaida. Mapenzi ya familia hayatoshi; anahitajika mtu wa kuona kosa na kupandisha kiwango cha zoezi.

"Nairobi kuna mashine." Utafiti wa LEAPS wa Marekani, 2011, uliwafuatilia watu 408. Waliotembezwa kwenye mashine huku mwili umening'inizwa kwa mikanda hawakuwashinda waliofanyishwa mazoezi ya nguvu na mizani nyumbani kwao na mtaalamu. Usiuze ng'ombe kwa ajili ya mashine.

"Kuna mtu anakanda vizuri kwa mafuta." Kukandwa polepole hutuliza na si dhambi, ila hakumfundishi mtu kusimama. Wala asivutwe viungo kwa nguvu, wala kukandwa kwa maji ya moto upande usiohisi. Kama fedha ni ya jambo moja tu, ipeleke fizio.

"Mwaka umeshapita." Kasi imepungua, mlango haujafungwa. Anayeanza kusimama kitini mara thelathini kwa siku baada ya mwaka mmoja anaweza bado kupata nguvu na mizani zaidi.

"Hataki. Analia au anakasirika." Karibu mtu mmoja kati ya watatu hupatwa na msongo wa huzuni baada ya kiharusi. Ni ugonjwa wenye tiba, mwambie daktari. Nyumbani, mpe zoezi lenye maana kwake: kwenda kuona ng'ombe, kufika kanisani, kumshika mjukuu. Usimfanyie anachoweza kujifanyia, hata akichukua nusu saa.

## Pa kwenda

- Hospitali ya Machakos Level 5 ina idara ya fiziotherapia. Nenda na karatasi za kuruhusiwa na orodha ya dawa.
- Ukimwita mtaalamu nyumbani, omba kuona leseni yake kutoka Baraza la Fiziotherapia, lililoundwa kwa sheria ya 2014. Asiyeweza kuionyesha asimguse mgonjwa.
- SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Hakikisha mgonjwa amesajiliwa na michango imelipwa, na uulize dawati la SHA hospitalini nini kinalipiwa kabla ya kuanza vikao.
- Akibaki na ulemavu, omba hospitali ya serikali imfanyie tathmini, kisha asajiliwe na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu.
- APDK, chama kinachohudumia watu wenye ulemavu tangu 1958, hutengeneza viti vya magurudumu na vifaa vingine. Kiti kipimwe kwa mwili wake. Kilichoazimwa kwa jirani huleta vidonda.

## Daftari la kila siku

Nunua daftari la shule, upige mistari mitano: presha na dawa, kusimama kitini (mara ngapi), kutembea (hadi wapi), mkono (kazi gani, dakika ngapi), maumivu au kuanguka. Lijazwe kila jioni na yeyote aliyekuwa zamu. Siku ya fizio lipeleke. Mtaalamu anayeona kwamba wiki nzima mgonjwa alisimama mara 60 kwa siku bila shida atajua la kufanya. Anayeambiwa "anaendelea vizuri" hana pa kuanzia.

Gawaneni zamu pia. Mtunzaji mmoja akiumwa mgongo, wagonjwa ni wawili. Kaka aliye Nairobi anayetuma pesa tu aje mwisho wa wiki ajifunze kushika ule mkanda.

Punguza chumvi nyumba nzima isizidi kijiko kimoja cha chai kwa kila mtu kwa siku, aache sigara na pombe, na presha ipimwe bila kukosa, kwa sababu kiharusi cha pili kinaweza kufuta kazi yote hii. Kisha anza leo jioni: kiti cha mbao, ukuta, mkanda kiunoni, mara tano.